Majaji au Watazamaji? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kura za Mashindano ya Nyimbo ya Kimataifa

Eurovision, shindano la nyimbo la mataifa ya Ulaya, ikimalizika tu kila mwezi wa Mei, ubishi huanza: huyu kabebwa na majaji, yule kabebwa na ndugu zake walio ughaibuni, mwingine kaibiwa mchana kweupe. Majibu yaliyo hapa yanaegemea zaidi Eurovision kwa sababu pointi zake huchapishwa nchi kwa nchi na mtu yeyote anaweza kuzipekua. Mashindano mengine yanatajwa pale yanapoongeza kitu.

Iweje wimbo uongoze kwa mbali kwenye kura za watazamaji halafu ukose ubingwa?

Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Liverpool mwaka 2023. Käärijä wa Ufini alipata pointi 376 kutoka kwa watazamaji. Loreen wa Uswidi alipata 243, nafasi ya pili lakini nyuma kwa pointi 133. Ukumbi mzima ulikuwa ukiimba kiitikio cha Käärijä huku pointi zikisomwa. Hata hivyo kombe likaenda kwa Loreen, 583 kwa 526.

Jibu liko kwa majaji, lakini si kwa namna ambayo wengi hudhani. Majaji walimpa Loreen 340 na Käärijä 150. Sasa tazama aliyemfuata Loreen: wimbo wa pili kwa majaji ulikuwa wa Israeli, wenye pointi 177. Yaani majaji wa nchi nyingi walikubaliana juu ya wimbo mmoja, kisha wakatawanyika kabisa kwenye iliyobaki. Loreen hakuhitaji kupendwa na watazamaji kuliko wote; alihitaji tu pengo lake kwa majaji (190 dhidi ya Käärijä) liwe kubwa kuliko pengo la Käärijä kwa watazamaji. Toa 133 kwenye 190, unabaki na 57, na hiyo ndiyo tofauti ya mwisho.

Mwaka uliofuata mjini Malmö hesabu ikajirudia. Nemo wa Uswisi alikuwa wa tano kwa watazamaji, pointi 226, wakati Baby Lasagna wa Kroatia aliongoza kwa 337. Lakini majaji walimpa Nemo 365, na Mkroatia 210. Nemo akashinda kwa 591 dhidi ya 547.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "watazamaji walimchagua fulani, majaji wakampindua", muulize kwanza: alishinda kwa pengo gani, na upande wa pili ulikubaliana kiasi gani? Upande unaokubaliana ndio wenye nguvu, hata kama pande zote mbili zina uzito sawa.

Kwani si nusu kwa nusu?

Ni nusu kwa nusu, karibu. Kila nchi hutoa seti mbili za pointi, moja ya majaji na moja ya watazamaji: 12, 10, kisha 8 hadi 1. Kila seti ina jumla ya pointi 58. Tangu 2023 kuna seti moja ya ziada ya watazamaji walio nje ya nchi shiriki, nayo inahesabiwa kama nchi moja. Mwaka 2025 nchi 37 zilishiriki, hivyo majaji walikuwa na pointi 2,146 za kugawa na watazamaji 2,204. Kwa maneno mengine, umma ulikuwa na kama asilimia 50.7. Wanaodai majaji wana kura nyingi zaidi wanakosea, ingawa hisia yao haitoki hewani.

Basi majaji ndio huamua bingwa kila mara?

Hapana. Utaratibu wa kutangaza pointi za pande mbili kila upande peke yake ulianza 2016. Kuanzia hapo hadi 2025, ukiondoa 2020 ambapo shindano lilifutwa kwa sababu ya UVIKO-19, kumekuwa na fainali tisa. Aliyeongoza kwa majaji alitwaa ubingwa mara nne: 2017, 2023, 2024 na 2025. Aliyeongoza kwa watazamaji naye mara nne: 2017, 2018, 2021 na 2022. Ni Salvador Sobral wa Ureno peke yake, mwaka 2017, aliyeongoza pande zote mbili.

Halafu kuna miaka miwili ya ajabu. Mwaka 2016 majaji walimtaka Dami Im wa Australia, watazamaji wakamtaka Sergey Lazarev wa Urusi, na aliyeondoka na kombe ni Jamala wa Ukraine, wa pili pande zote. Duncan Laurence wa Uholanzi alishinda 2019 bila kuongoza upande wowote. Wapo wanaoona hiyo ni kasoro. Mimi naona ndipo mfumo ulipofanya kazi yake vizuri zaidi: wimbo ambao pande zote zinaukubali una dai zito kuliko ule ambao upande mmoja unauabudu na mwingine unaupuuza.

Majaji hao ni akina nani, na wanasikiliza nini hasa?

Kwa miaka mingi kila nchi imekuwa na jopo la watu watano wanaofanya kazi ya muziki: waimbaji, watunzi, maprodyuza, watangazaji wa redio. Kwa shindano la 2026 jopo lilipanuliwa hadi watu saba, wawili kati yao angalau wakiwa na umri wa miaka 18 hadi 25, na milango ikafunguliwa kwa waandishi wa habari za muziki, wakufunzi wa dansi na wengineo. Wanatakiwa kupima sauti ya muimbaji, utunzi, ubunifu wa wimbo na onyesho kwa ujumla.

Jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui ni kwamba majaji hawahukumu onyesho lile tunaloliona. Wao hupiga kura usiku wa kuamkia fainali, wakitazama zoezi la jukwaani ambalo huendeshwa kama onyesho kamili. Muimbaji akipasua sauti Ijumaa na kuimba kama malaika Jumamosi, majaji wameshamaliza kazi. Na kinyume chake. Ukimwona mtu amefanya vizuri mbele yako halafu majaji wamemnyima, kumbuka kwamba huenda mlitazama maonyesho mawili tofauti.

Kila jaji hupanga nyimbo zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, isipokuwa wa nchi yake. Nafasi hizo hubadilishwa kuwa uzito, na tangu 2018 uzito huo hushuka kwa kasi juu na polepole chini. Kutoka nafasi ya kwanza hadi ya tatu unapoteza mengi. Kutoka ya 20 hadi ya 22 hupotezi chochote cha maana. Shabaha ilikuwa kumzuia jaji mmoja asiweze kuuzamisha wimbo kwa kuutupa mkiani makusudi.

Haja hiyo ilikuwa ya kweli. Mwaka 2014 watazamaji wa Uingereza waliuweka wimbo wa Poland nafasi ya kwanza. Majaji wa Uingereza waliuweka wa mwisho. Wakati huo nafasi za pande mbili zilichanganywa ndani ya nchi kabla ya pointi kutolewa, na matokeo yake Poland ikatoka Uingereza mikono mitupu, sifuri. Watu watano waliweza kufuta chaguo la kwanza la taifa zima. Tangu 2016 hilo haliwezekani tena, kwa sababu kila upande hutoa pointi zake. Miaka miwili baada ya mkasa ule, Poland hiyo hiyo ilipata pointi 7 tu kwa majaji wa Ulaya nzima na 222 kwa watazamaji, ikamaliza ya nane. Kwa mfumo wa zamani isingeliona hiyo nafasi.

Kwa nini wasiachiwe watazamaji peke yao? Si wao wanaosikiliza muziki?

Ilijaribiwa. Kura ya simu iliingizwa 1997 kwa majaribio katika nchi tano: Uingereza, Ujerumani, Austria, Uswisi na Uswidi. Athari ilionekana usiku ule ule. Páll Óskar wa Aislandi, aliyekuja na onyesho lililowashtua wengi, alipata pointi 18 kwa jumla, na 16 kati ya hizo zilitoka kwenye nchi hizo tano za majaribio. Kuanzia 1998 nchi nyingi zikahamia kwenye simu, na kwa miaka kama kumi umma ukawa ndio mwenye kauli.

Kilichofuata ni malalamiko. Nchi za Magharibi mwa Ulaya zilisema Mashariki inabebana. Ukweli ulikuwa mgumu zaidi ya hapo, lakini ilifika mahali mtu aliweza kukisia nchi ipi itampa nani pointi 12 kabla nyimbo hazijaimbwa. Majaji wakarudishwa kwenye fainali 2009, na kwenye nusu fainali 2010. Mwaka 2023 nusu fainali zikarudishwa kwa watazamaji peke yao, kisha kwa 2026 majaji wakaingizwa tena. Kamba inavutwa huku na huku, na nadhani itaendelea kuvutwa.

Tatizo la kura za umma halimo katika ladha ya watu. Limo katika hesabu. Hadi 2025 mtu mmoja aliruhusiwa kupiga kura 20 kwa njia moja ya malipo, na zote zingeweza kwenda kwa wimbo mmoja. Tuseme nchi fulani ina wapiga kura 2,000 wa kawaida, kila mmoja akipiga kura mbili kwa nyimbo alizozipenda. Hizo ni kura 4,000, zimetawanyika kwenye nyimbo 25. Wimbo unaopendwa kuliko yote huenda ukakusanya 500. Sasa waweke pembeni watu 60 waliojipanga, kila mmoja akimaliza kura zake 20 kwa wimbo mmoja. Wana kura 1,200. Watu 60 wamewapiga watu 2,000, na hakuna kanuni hata moja iliyovunjwa. Hakuna aliyechakachua chochote.

Tena pointi 12 ni zile zile, uwe umeshinda kwa asilimia 12 ya kura au kwa asilimia 60. Na hakuna kura ya kukataa. Wimbo ambao theluthi moja ya watu wanaupenda sana na theluthi mbili hawautaki kabisa utaushinda wimbo ambao kila mtu anaona ni mzuri. Ndiyo maana nyimbo za wastani, zilizoimbwa vizuri bila kelele, huangamia kwa watazamaji. Mwaka 2025 Uswisi, waliokuwa wenyeji mjini Basel, walipata pointi 214 kwa majaji, nafasi ya pili, na sifuri kwa watazamaji. Sifuri haina maana kwamba hakuna aliyewapigia. Ina maana hawakuingia kumi bora katika nchi hata moja. Wakiwa wa 11 kila mahali, ubao ungeonyesha sifuri hiyo hiyo.

Basi waachiwe majaji peke yao?

Hapo nasita zaidi. Eurovision ya kwanza, Lugano 1956, iliamuliwa na majaji kwa siri. Waliruhusiwa kuipigia nchi yao, majaji wa Luxembourg hawakufika na kura zao zikapigwa na Waswisi, mshindi akawa Lys Assia wa Uswisi, na hesabu kamili haijatangazwa hadi leo. Soma sentensi hiyo mara mbili. Hakuna anayeweza kuthibitisha figisu, lakini mfumo wa namna hiyo ungefanywa leo usingemaliza usiku mmoja bila kelele.

Mfano wa karibu zaidi ni wa 2022 mjini Turin. Baada ya zoezi la majaji la nusu fainali ya pili, Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, ambao ndio mwandaaji wa shindano, uligundua kwamba kura za majopo sita zilifanana kupita kiasi: Azabajani, Georgia, Montenegro, Poland, Romania na San Marino. Manne kati ya majopo hayo yalikuwa yamewapa wenzao watano nafasi tano za juu. Ambao hawakuwa kwenye kundi hawakuona uzuri huo. EBU ilizifuta kura za majopo yote sita na kuweka badala yake hesabu iliyotokana na nchi zenye historia ya kura inayofanana nazo.

Fikiria ugumu wa kula njama ile ile na umma. Ili kununua kura za simu za nchi unahitaji maelfu ya kura na fedha za kuzilipia. Ili kulipata jopo la watu watano unahitaji watu watatu, labda na chakula cha jioni. Udogo wa majopo ndio udhaifu wao mkubwa, kuliko ladha yao, na ndiyo maana naona kuongeza idadi hadi saba ni hatua nzuri lakini fupi mno.

Yapo mashindano yanayotumia majaji tu. Intervision iliyofufuliwa mjini Moscow Septemba 2025 ilikuwa hivyo, na Đức Phúc wa Vietnam ndiye aliyeshinda.

Nchi jirani kupeana pointi 12, si siasa hiyo?

Ugiriki na Kupro ndio mfano ambao kila mtu anao mdomoni, hadi ukumbi huzomea kabla pointi hazijasomwa. Lakini siasa ni neno pana. Wanauchumi Victor Ginsburgh na Abdul Noury walipochambua kura za miaka mingi na kuchapisha kazi yao 2008, waliona kwamba ukaribu wa lugha na utamaduni unaeleza mengi kuliko dhana ya serikali au mataifa kubadilishana kura. Wagiriki na Wakupro wanasikiliza redio zile zile na kuwajua waimbaji wale wale. Mtu humpigia anayemfahamu.

Kuna kundi la pili linalochanganywa na la kwanza, nalo ni wahamiaji. Pointi ambazo Uturuki ilikuwa ikizipata Ujerumani hazikutoka kwa majirani; zilitoka kwa watu wenye asili ya Uturuki waliokuwa wakiishi humo. Wapoland wa Uingereza ni hivyo hivyo. Je, hiyo si haki? Wanaishi pale, wanalipia simu pale, wana haki ya kupiga kura kama jirani yao wa mlango wa pili. Ila kanuni inayomkataza mtu kuipigia nchi yake inakuwa haina meno kwa aliyevuka mpaka.

Na majaji wasijifanye wasafi hapa. Nao hupeana kijirani. Hawana jamaa ughaibuni wa kuwapigia, lakini wana wenzao wa kazi.

Kwa nini siruhusiwi kuipigia nchi yangu?

Kwa sababu ya msemo wetu wenyewe: mcheza kwao hutunzwa. Kila nchi ingejipa 12 na zoezi lingekwisha. Shindano la watoto, Junior Eurovision, lilichukua njia nyingine tangu 2017: kura za mtandaoni zinaruhusu kuichagua nchi yako, mradi uchague nchi zisizopungua tatu. Inapunguza makali, haiyaondoi.

Ni haki San Marino kuwa na pointi sawa na Ujerumani?

Kwa hesabu ya kichwa kimoja kura moja, hapana. Lakini hili ni shindano la mashirika ya utangazaji ya mataifa, si uchaguzi wa bara, na kila shirika lina kiti kimoja. Ukizipima kura kwa idadi ya watu, nchi nne au tano zingemchagua bingwa kila mwaka. San Marino ina kichekesho chake: simu zake zimo ndani ya mtandao wa Italia, kwa hiyo kura za watazamaji wake hazihesabiki, na pointi zake za umma hukokotolewa kutokana na kura za nchi nyingine. Pointi kutoka kwa umma ambao haukupiga kura. Sijawahi kumwona mtu akiandamana kwa hilo.

Kilitokea nini kuhusu Israeli mwaka 2024 na 2025?

Mwaka 2024 Israeli ilipata pointi 323 kwa watazamaji na 52 kwa majaji. Mwaka 2025, Yuval Raphael aliongoza kwa watazamaji akiwa na 297, akapewa 60 na majaji, akamaliza wa pili nyuma ya JJ wa Austria aliyekuwa na 436. Mashirika kadhaa ya utangazaji, likiwemo RTVE la Hispania na VRT la Ubelgiji, yalitaka kura za umma zichunguzwe. Gumzo lilikuwa juu ya kampeni za matangazo zilizoungwa mkono na serikali ya Israeli, zikiwaambia watu kwamba wanaweza kupiga kura hadi 20.

Watu hujibu swali hili kwa kutazama wanamuunga mkono nani kwenye vita vya Gaza. Jaribu kulitenga. Waliopiga kura walikuwa watu halisi, na kanuni ziliwaruhusu. Ila rudi kwenye wale watu 60 wa hapo juu: mfumo uliomruhusu mtu mmoja kuwa ishirini ulikuwa ukisubiri tu kundi lolote lenye ari na fedha za kutangaza. Wangeweza kuwa mashabiki wa nchi yoyote. Mwaka 2022 Ukraine, muda mfupi baada ya uvamizi wa Urusi, ilipata pointi 439 za watazamaji kati ya 468 zilizowezekana, na wengi waliona ni mshikamano mzuri. Sehemu ya watu hao hao waliona kura za 2025 ni hujuma. Mlango ulikuwa ule ule.

Novemba 2025 EBU ilitangaza kanuni mpya: kura zikapunguzwa kutoka 20 hadi 10 kwa njia moja ya malipo, majaji wakarudi nusu fainali, na kampeni kubwa zinazoendeshwa au kufadhiliwa na serikali zikawekewa mipaka. Mwezi uliofuata, Israeli ilipobaki kwenye orodha ya washiriki wa 2026 mjini Vienna, Hispania, Uholanzi, Ireland, Slovenia na Aislandi zikajitoa. Kanuni zilitibu hesabu. Ugomvi wenyewe haukuwa wa hesabu peke yake.

Kura huibwa?

Makosa yapo, na mengine ni ya aibu. Mwaka 2019 mjini Tel Aviv, majaji wa Belarus waliondolewa kwa kufichua jinsi walivyopiga kura kwenye nusu fainali. Ikabidi pointi zao za fainali zikokotolewe kutoka nchi zinazofanana nao. Aliyefanya hesabu aligeuza orodha kichwa chini: nchi iliyostahili mwisho ikawa ya kwanza, na Israeli ikasomewa pointi 12 mbele ya dunia nzima. Shabiki mmoja mtandaoni ndiye aliyestuka. Siku chache baadaye matokeo yakasahihishwa, Duncan Laurence akapanda kutoka 492 hadi 498, na nafasi ya kwanza kwa majaji ikahama kutoka Uswidi kwenda Makedonia Kaskazini. Tamara Todevska alikuwa amepanda ndege kurudi nyumbani bila kujua kwamba majaji walimweka wa kwanza.

Hofu nyingine ni ya siri ya kura. Mwaka 2009 mtazamaji mmoja wa Azabajani aliyeipigia Armenia aliitwa na kuhojiwa na maofisa wa usalama. EBU ikabadili kanuni ili shirika la utangazaji la nchi liwajibike taarifa za wapiga kura zikivuja. Kwangu hilo ni zito kuliko pointi 12 za Kupro kwa miaka hamsini.

Zamu ya kuimba ina athari?

Inayo. Wändi Bruine de Bruin alichambua kura za Eurovision za miongo kadhaa na kuona, katika kazi aliyoichapisha 2005, kwamba waliopanda jukwaani baadaye walielekea kupata alama za juu zaidi. Hali kama hiyo ilionekana hata kwenye shindano la piano la Queen Elisabeth la Ubelgiji, ambako zamu hupangwa kwa kura ya bahati na mabingwa wa fani ndio wanaohukumu. Na hadi 2025 hakuna wimbo ulioimbwa wa pili kwenye fainali ya Eurovision uliowahi kushinda.

Kinachoniudhi ni kwamba tangu 2013 maprodyuza wa onyesho ndio wanaoamua zamu, mara nyingi ndani ya nusu ambayo nchi imeipata kwa kura ya bahati. Wanasema ni ili nyimbo za taratibu zisifuatane tano mfululizo. Sawa, televisheni ni televisheni. Lakini watu wanagombana juu ya majaji watano wa nchi fulani wakati maprodyuza wachache wanamgawia mmoja nafasi ya pili na mwingine ya 23, bila kutoa sababu kwa yeyote.

Pointi zikilingana?

Mwaka 1969 mjini Madrid, Hispania, Uingereza, Uholanzi na Ufaransa zilifungana kwa pointi 18, hakukuwa na kanuni ya kuvunja sare, zote nne zikatangazwa mabingwa. Mwaka uliofuata nchi kadhaa zikasusa. Mwaka 1991 Uswidi na Ufaransa zilifungana kwa 146; zililingana pia kwa idadi ya 12, ikabidi zihesabiwe 10, na Carola wa Uswidi akashinda. Siku hizi mwenye pointi nyingi za watazamaji ndiye anayepita. Kwa hiyo neno la mwisho, ikifikia hapo, ni la umma.

Mfumo gani ungekuwa wa haki zaidi?

Mimi ningeanza na mambo matatu, na hakuna hata moja linalowaondoa majaji au watazamaji.

La kwanza, kura ya umma iwe ya orodha: mtu achague nyimbo zake tatu au tano tofauti, mara moja, basi. Kampeni zitabaki, lakini kila aliyehamasishwa atalazimika kuwapa na wengine kitu. Kikwazo ni fedha, kwa sababu kila kura ya simu inalipiwa, na sioni mashirika yakikimbilia kukata mapato yao.

La pili, majopo ya watu 20 au 30. Yakiwa makubwa, ni vigumu kuyanunua na ni vigumu kukubaliana kimyakimya, na lile rundo la majaji kwenye wimbo mmoja lingepungua.

La tatu, idadi halisi ya kura itangazwe, nchi kwa nchi, baada ya fainali. Kwa sasa tunapewa pointi na nafasi tu. Hatujui kama 12 za nchi fulani zilitokana na kura 900 au 90,000, na hapo ndipo tetesi zinapopata pa kulala.

Niko nje ya Ulaya. Naweza kupiga kura?

Ndiyo, tangu 2023. Unapiga kupitia tovuti rasmi ya shindano, kwa kadi ya benki, na kura yako inaingia kwenye ile seti moja ya "nchi zingine zote duniani". Kwa kuwa dunia nzima iliyobaki ina pointi 58, sawa na umma wa San Marino peke yake, usitarajie kura yako moja itikise ubao. Angalia muda wa kufunga kwa saa za kwako, na uhakikishe kadi imeruhusiwa malipo ya mtandaoni ya kimataifa kabla ya usiku wenyewe; wakati nyimbo zimeshaanza si wakati wa kupigia benki simu.